Nilihesabu Pasi Zake kwa Tasbihi

Wasomaji wenzangu, assalaamu alaykum. Kosa ni langu. Nalisema mapema, ili mtu asije akafika katikati ya barua hii akadhani natafuta mwenzangu wa kugawana naye lawama. Sina. Nililitenda mwenyewe, na akili zangu timamu, na udhu ninao.

Mimi ni mzee sasa. Mwenyezi Mungu amenijaalia umri, wajukuu, na macho ambayo mpaka leo yanasoma msahafu bila miwani. Namshukuru asubuhi na jioni. Lakini kila nikifika kwenye macho, namkumbuka mtu.

Mtu huyo ametangulia mbele ya haki. Alinikataza nisiseme wakati yu hai. Leo niacheni niseme.

Ilikuwa Jomvu Kuu, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, Uhuru unanukia lakini haujafika. Nilikuwa kijana wa chini ya miaka thelathini. Asubuhi nafundisha watoto Kurani chuoni, alasiri mimi ndiye katibu wa timu yetu ya mpira. Msicheke! Wakati huo hapakuwa na ajabu mwalimu wa chuo kupenda mpira, mradi sala haimpiti.

Ulikuwa wakati wa kutazamana. Barazani watu walibishana Mwambao uwe wa nani, bendera ipi ishuke na ipi ipande, nani kaonekana mjini na nani. Ukipita, mazungumzo yanakatika, ukishapita yanaanza tena. Mtu akinunua redio, majirani wanaulizana kapewa na nani. Dhana tuliivuta kama hewa. Mimi nikaichukua nikaipeleka mpaka uwanjani.

Timu yetu ilikuwa na mabeki imara na kipa mrefu kama mnazi. Ila tulikuwa na ugonjwa mmoja: hatukuwa na watu wa kutoa mpira mbele. Hafu zetu, wale wa katikati, walikuwa na woga. Ukimpa mtu mpira anaugeuza nyuma, anampa beki, beki anampa kipa, kipa anaupiga juu, na mpira unarudi pale pale. Wachezaji watano wa mbele wamesimama wanapigwa na jua.

Aliyekuwa hana woga huo ni mmoja tu. Nitamwita Rama.

Rama tulikaa naye mkeka mmoja chuoni tukiwa watoto. Wallahi alikuwa akisoma kuliko mimi, kwa sauti na kwa hukumu za tajwidi. Lakini babake alikufa mapema, naye akaingia kwenye kazi ya marehemu: kuchoma chokaa. Walikuwa na tanuu la mawe ya pwani kule karibu na mikoko, yeye ndiye anapanga magogo, anachoma, anamwagia maji, anachekecha. Alikuwa akija uwanjani na kope nyeupe.

Akipokea mpira katikati, hata hujamaliza kutamka jina lake, mpira umeshapita baina ya watu wawili na uko mguuni mwa Katana. Katana alikuwa senta fowadi wetu, Mgiriama, kuli wa bandarini akikaa Changamwe. Ana mbio za ajabu. Rama akitoa, Katana akifunga, na sisi tukirudi nyumbani tunaimba.

Siku moja barazani, baada ya Laasiri, nikasema mbele ya watu wote:

"Jamani, tuambiane kweli. Wa kufunga tunao watano. Wa kuwalisha yuko mmoja. Rama akikosekana wiki moja tu, hawa watano wakae nyumbani wasuke mikeka!"

Watu wakacheka. Rama hakucheka. Alikuwa akifikicha macho kwa ncha ya kikoi chake.

"Usinitwike timu nzima, Maalim," akasema.

"Nimeshakutwika, na hutui," nikamjibu.

Wakacheka tena. Hapo ndipo nilipoanza kukosa, na nilikuwa nikidhani namsifu.

Msimu huo haukufika nusu, Rama akabadilika. Mpira ukimfikia katikati, anausimamisha, anageuka, anaurudisha nyuma kwa mabeki. Mara moja, mara mbili, mara kumi. Yeye, Rama! Katana anakimbia mbele peke yake kama mtu aliyetumwa na kusahauliwa.

Wa kwanza kunitia neno alikuwa beki wetu mmoja, Mbwana, mtu mwenye mdomo.

"Maalim, huoni? Mwenzio siku hizi mbele hatoi."

"Kachoka," nikasema. "Kazi ya chokaa si mchezo."

"Kachoka, au kachokeshwa?"

Alisema hivyo tu, akaenda zake. Mimi nikabaki nalo. Lilikaa nami kwenye chakula, likakaa nami kwenye sala. Astaghfirullah!

Mechi iliyofuata nilikaa pembeni ya uwanja na tasbihi mkononi. Ilikuwa tasbihi ya mbao ya marehemu baba yangu, aliyorudi nayo kutoka Makka. Waliokuwa karibu wakadhani namdhukuru Mola. Wapi! Rama akirudisha mpira nyuma, navuta punje moja. Akirudisha tena, navuta nyingine. Kabla ya mapumziko tasbihi ilikuwa imeshazunguka na kuanza upya.

Nikajiambia: mtu hawezi kusahau mpira kiasi hiki. Hapa pana jambo.

Na ukishasema hapa pana jambo, utaliona kila mahali. Nikaanza kumchunguza Rama kama askari kanzu.

Alinipita njiani, kweupe, hatua tatu kutoka kwangu, asinitolee salamu. Nikasema: anaona haya kunitazama.

Tulicheza na timu moja ya Kisauni kwao. Mchezo ulipokwisha nilimwona Rama anaondoka uwanjani, mkono wake umewekwa begani kwa kapteni wa timu ile, wanashuka taratibu kwenye mawe mpaka barabarani kama watoto wa tumbo moja. Nikasema: na huu urafiki umeanza lini?

Kisha nikagundua mluzi. Katana akiwa mbele alianza kupiga mluzi mfupi, na Rama akiusikia anatoa mpira mbele, sawasawa, kama zamani. Katana asipopiga mluzi, mpira unarudi nyuma. Nikasema: ahaa! Wana alama. Wamepatana lini wacheze na lini waache.

Yote haya niliyaandika moyoni, moja juu ya jingine. Hata siku moja sikumwendea Rama nikamuuliza, "Ndugu yangu, una nini?" Kutoka nyumba yake hadi yangu ulikuwa ni mwendo wa kumaliza Yasini, au haufiki hata huo.

Ikaja mechi ya marudiano na wale wa Kisauni, kwetu, uwanja umejaa. Tukitoka sare tunachukua kikombe. Katana hakuwepo, alikuwa amekwenda kwao Kaloleni kumzika babake. Hatujafungana mpaka dakika za mwisho. Rama akapata mpira karibu na lango letu. Pakasikika mluzi mfupi. Rama akageuka, akautoa mpira ulikotoka mluzi, safi, laini, pasi ya kusifiwa.

Aliyepiga mluzi alikuwa yule kapteni wa Kisauni! Alikuwa ameujua mchezo wetu akauiga. Mpira ukatua mguuni mwake, akaupiga wavuni.

Kisha Mbwana akapiga ukelele: "Kauza!"

Na watu wote wakaitikia. "Kauza! Rama kauza!"

Mimi sikupiga kelele. Laiti ningepiga kelele nikaishia hapo! Mimi nilikuwa na utaratibu. Nilisema mambo haya yanamalizwa kwa dini, nikaita kikao Ijumaa baada ya sala, barazani pa msikiti. Rama aape.

Kwetu mtu akiapishwa huweka mkono juu ya msahafu, akasema neno lake, yakaisha. Lakini dhana ilikuwa imenifundisha ujanja. Nikawaza: nikimwachia aseme mwenyewe atapenyeza neno, ataapa nusu. Nikakaa na kalamu ya mwanzi, nikaandika yamini, maneno ya kiapo, kwa herufi za Kiarabu, mistari minne, kila mlango nimeuziba. Asome hiyo hiyo, neno kwa neno.

Rama alikuja na kanzu safi. Akaugonga upau wa juu wa mlango kwa kipaji cha uso, akainama, akaingia. Mbwana akacheka: "Hata mlango wa msikiti wamkataa!"

Nikamkabidhi karatasi. Rama akaishika. Akaileta karibu na uso, akaipeleka mbali, akaileta karibu tena. Mtu aliyekuwa msomaji wa kwanza wa chuo chetu, amesimama mbele ya mistari minne!

Akasema, "Siwezi."

Baraza likaguna. Nikamuuliza, "Wasemaje?"

"Siwezi, Maalim." Kwa sauti ya chini, kama anayesema na mimi tu.

"Huwezi?"

"Siwezi."

"Mmesikia wenyewe," nikasema.

Rama aliikunja karatasi ile mara nne, akanipa. Nakumbuka alinyoosha mkono ukapita kando ya wangu, nikalazimika kuufuata. Hata hilo sikulielewa. Akatoka akipapasa ukuta, na watu wakamfungulia njia kama anayenuka.

Sasa niwaambie nyinyi msiotoka pwani, na nyinyi vijana mliosahau. Kwetu Mvita mtu akisema siwezi, hana maana ya kukataa. Ana maana kwamba ni mgonjwa. "Bibi hawezi" ni kusema bibi ni mgonjwa. Ndivyo alivyosema mama yangu mpaka siku yake ya mwisho. Ndivyo nilivyosema mimi mwenyewe kila niliposhikwa na homa. Na adabu yake inajulikana hata kwa mtoto: ukiambiwa siwezi, unasema pole, unauliza, "Una nini?"

Neno hilo nimenyonya nalo. Siku ile nikalisikia kama mgeni!

Rama alitolewa timuni. Akaacha kuja barazani, akaacha Ijumaa. Tanuu likazimika. Nilisema ni haya ya mwenye kosa, na nikalala usingizi mzuri.

Ilipita kama wiki tatu. Mama yake, Bi Mejumaa, akaja kwangu kabla ya adhuhuri, amejitanda buibui, yuko peke yake. Mjane yule hakuwa na mwana mwingine, na hakuwa mtu wa kwenda nyumba za watu kuomba.

"Shikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba, Maalim." Akabaki amesimama mlangoni. "Nimekuja kukwambia, Rama hawezi."

Alinipa neno lenyewe, mara ya pili, mkononi! Akasimama akingoja nimjibu kama mtu wa Jomvu anavyomjibu mwenzake.

Nikasema, "Najua kama hawezi. Angeweza, angeapa."

Wallahi, nikiwa hai na nikiwa maiti nitaona uso ule. Hakulia. Hakunitukana. Aliuvuta mtandio wake akasema, "Ewe, hilo ndilo jibu lako?" Akageuka akaenda zake.

Katana ndiye aliyekuja kunizindua. Aliporudi kutoka matangani kwao, yaliyodumu karibu mwezi, aliambiwa habari mjini, akaja Jomvu mbio na nguo za kazi. Alinikuta chuoni, watoto wanasoma. Hakuvua viatu.

"Maalim, mmemfanya nini Rama?"

"Kauza mechi. Kashindwa kuapa."

"Kuuza! Mtu haoni, Maalim! Haoni! Chokaa imemwingia machoni tangu Ramadhani, jicho moja limekufa, la pili anaona ukungu tu!"

Watoto wakaacha kusoma.

"Ndio maana nampigia mluzi," akasema. "Sisi wa mbele hatuiti, tukiita mabeki wa wapinzani watatusikia. Mabeki wetu huita. Rama anausikia ukelele wa nyuma, anapeleka mpira nyuma, kwa sababu huko ndiko kuna sauti. Mbele kwake ni kiza. Yule kapteni wa Kisauni alimshika mkono kumteremsha kwenye mawe, akajua, na siku ya marudiano, mimi sipo, akamfanyia ujanja, Rama akadhani ni mwenzangu wa mbele."

"Kwa nini hakusema?" nikauliza.

"Kwa sababu yako! Ulisema akikosekana timu imekwisha. Alinambia, 'Katana, nikitoka mimi, nani atatoa mbele? Ngoja msimu uishe nitakwenda hospitali.' Akaniapisha nisiseme."

"Barazani angesema..."

"Kwani hakusema? Nimeambiwa kasema siwezi! Mimi Mgiriama, neno hili nimejifunza kwenu hapa. Nikiumwa nasema siwezi, mnanipa pole. Wewe mwenye neno, hukulijua?"

Subhanallah! Niliwaruhusu watoto nikakaa pale mkekani, mkeka ambao Rama alikaa utotoni, na tasbihi ikawa nzito mfukoni kama jiwe.

Tulimpeleka hospitali siku ile ile, Katana upande mmoja na mimi upande mmoja. Daktari alimwinua kope, akamulika. Kisha akauliza kwa nini tumechelewa. Jicho la pili, akasema, angeletwa wiki kadhaa nyuma, lingeokolewa kwa kiasi fulani. Sasa basi.

Wiki kadhaa nyuma! Wiki ambazo alikuwa amejifungia ndani kwa fedheha niliyomvika mimi. Wiki ambazo mama yake alisimama mlangoni kwangu.

Niliacha ukatibu. Niliwaita watu pale pale barazani, Ijumaa nyingine, nikawaambia Rama hakuuza, mimi ndiye niliyezua. Mbwana aliinamisha kichwa. Wengine walisema ni kadari. Kadari kweli, lakini mkono uliotumika ulikuwa wangu.

Nilikwenda kwa Rama nikapiga magoti.

"Nani aliyekwambia nimeuza?" akaniuliza.

"Hakuna. Nilihesabu mwenyewe pasi zako. Kwa tasbihi."

Akacheka! Kicheko kile kiliniuma kuliko kofi. "Za nyuma?"

"Za nyuma."

"Na za mbele ulihesabu ngapi?"

Sikuhesabu hata moja. Na zilikuwepo, ndugu zangu. Kila mluzi wa Katana ulikuwa na pasi yake ya mbele, kutoka kwa mtu aliyekuwa gizani. Katika timu ile nzima, aliyekuwa haoni mbele ndiye aliyekuwa bado anajaribu kutoa mbele.

Rama alinisamehe. Alisema, "Nimekuwachia, Maalim, na usiyaseme tena nikiwa hai, sitaki kuonewa huruma." Bi Mejumaa hakuweza. Aliitikia salamu yangu maana dini inamlazimu, akaishia hapo, mpaka alipoingia kaburini. Simlaumu.

Uhuru ulipofika, Changamwe nzima ilikuwa ikipiga ngoma. Mimi nilikuwa nimekaa na Rama kibarazani kwao. Akaniuliza, "Bendera ina rangi gani?" Nikamwambia: nyeusi, nyekundu, kijani, na mistari myeupe katikati. Akawa anazirudia taratibu, kama anayehifadhi aya. Mtu huyo alizaliwa na macho mazima. Niambieni, hapo ningeshangiliaje?

Toka hapo, kila palipochezwa mpira Jomvu, nilimshika mkono nikakaa naye pembeni. Namweleza: mpira uko kwa fulani, kageuka, katoa. "Mbele au nyuma?" anauliza. Tasbihi ya baba nilimpa yeye. Nikisema mbele, anavuta punje. Nikisema nyuma, anasema, "Msamehe, huenda haoni." Miaka na miaka. Watu walidhani ni wema wangu!

Mara ya mwisho nilimkuta amelala kitandani, mchana, dirisha limefunguliwa.

"Hujambo, Rama?"

Akageuza uso upande wa sauti yangu. Nikaona anatabasamu kidogo, kama anayetoa mpira na anataka kuona mwenzake atafika.

"Siwezi, Maalim."

Nikakaa, nikamshika mkono. Nikasema, "Pole, ndugu yangu. Una nini?"

Maneno hayo nilikuwa na deni nayo tangu baraza la msikiti. Alinikaza mkono. Tulijua sote kwamba hakuwa akingoja tiba. Alikufa siku ya pili, tasbihi mkononi, na wanawe, aliojaaliwa baadaye, wakanirudishia.

Basi nyinyi mnaosoma, na hasa nyinyi mnaojiona mna dini na mna elimu, nawasihi. Mtu akibadilika mbele ya macho yako, kabla hujaanza kumhesabia, nenda nyumbani kwake. Usitume mtu, usiandike karatasi. Kaa naye. Na akikwambia siwezi, muulize ana nini, ungoje mpaka akujibu.

Mimi sikungoja. Tasbihi ninayo hapa ninapoandika. Nikishaswali naivuta kwa istighfari, na kila punje inayopita kidoleni naiona pasi ya Rama, ile ya mbele, ambayo sikuihesabu.